Watoto wa 2003 Wako Wapi Leo?

Jirani yangu wa Umoja ana faili la buluu analoliweka juu ya kabati, wajukuu wasilifikie. Mna barua ya daktari aliyesema wavulana huchelewa kuzungumza, atasema tu. Mna barua ya daktari wa pili, aliyetaja usonji, yaani autism. Mna ripoti za mtaalamu wa usemi, ripoti za shule za kila muhula, na picha ya pasipoti ya mtoto aliyegeuza uso kamera ilipolia. Faili limenona hadi mwaka 2018, hapo likakatika. Mwaka huo kijana alitimiza miaka 18. Shule ikasema amepita umri, kliniki ya watoto ikasema yeye si mtoto tena, na tangu hapo hakuna mtaalamu aliyeandika hata sentensi moja kumhusu.

Nilimwuliza mbona bado analitunza. "Siku moja atakuja mtu kuniuliza alivyoendelea," alinijibu.

Mtu huyo hajaja, na swali langu ni kama Nairobi inafaa kumtuma. Wapo wanaosema kuwafuatilia watoto wenye usonji kutoka utotoni hadi utu uzima, mwaka baada ya mwaka, ni deni ambalo familia hizi zinatudai. Wapo wanaosema ni anasa ya nchi ambazo zilikwisha kujenga kliniki zikabaki na chenji. Nimewasikiliza wote, na kila upande una swali ambalo upande wa pili hulikwepa.

Kuna mahali mtu huyo alikuja. Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Baltimore, Marekani, alichapisha makala kuhusu watoto 11 ambao tabia zao hazikuingia katika ugonjwa wowote aliokuwa anaujua. Mwaka 1971, miaka 28 baadaye, aliandika tena juu ya wale wale: wamefikia wapi? Wengine walikuwa wamepotea, hawajulikani waliko. Waliolazwa katika hospitali kubwa za serikali walikuwa wamefifia, hata Kanner akaandika kwamba kupelekwa huko kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Lakini wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alikuwa karani wa benki, anaendesha gari, anacheza gofu.

Ni nini kilichomtofautisha? Utajiri wa familia ulisaidia, hilo tusilifiche. Ila kuna jambo jingine. Wazazi walimpeleka katika taasisi akiwa na miaka 3, wakamtoa, na baadaye akaenda kuishi kwa mkulima mmoja na mkewe. Donald alikuwa amenaswa na vipimo na hesabu. Mkulima hakumkemea. Alimpa kisima achimbe na kuleta taarifa ya kina chake, na alipomwona hatulii bila kuhesabu mistari ya mahindi, alimwacha aihesabu huku analima. Donald alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Hakuna kipimo cha mtoto wa miaka 3 ambacho kingekuonyesha kile kisima. Ilibidi mtu arudi aulize.

Hii ndiyo hoja kuu ya wanaotaka ufuatiliaji: usonji ni safari ya maisha, na anayepiga picha ya mwanzo pekee anaweza kukosea kuhusu yote yanayofuata. Nao wana mifano mizito.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kifafa. Mwaka 2011 Patrick Bolton na wenzake wa London walitoa matokeo ya watu 150 waliotambuliwa kuwa na usonji utotoni, wakatazamwa tena wakiwa na miaka 21 au zaidi. Asilimia 22 walikuwa wamepata kifafa, na wengi wao kiliwaanza baada ya miaka 10. Sasa mfikirie mama wa Kayole ambaye mwanawe amefika miaka 13 bila hata degedege moja. Asubuhi kijana anaanguka bafuni. Kama hakuna aliyewahi kumwambia mama huyo kwamba ubalehe una hatari yake, atatafuta sababu katika vitu vilivyo karibu: chakula cha jana, dawa aliyobadilishiwa, jicho la mtu. Niliwahi kushuhudia kisa cha aina hiyo. Kijana aliwekewa mikono kwa wiki tatu kabla ya kuonwa na daktari. Sina ugomvi na maombi, lakini zile wiki tatu zinanikera mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kupatikana mahali fulani na kuandikwa na watu waliokuwa na subira ya kungoja watoto wakue.

Mfano wa pili unahusu siku ile ile faili la jirani yangu lilipokatika. Kuanzia mwaka 1998, Marsha Mailick na kundi lake waliziandama familia 406 za majimbo ya Wisconsin na Massachusetts zenye vijana na watu wazima wenye usonji. Waligundua kwamba wengi walikuwa wakiimarika taratibu katika miaka ya shule, kisha kasi hiyo ikapungua baada ya kumaliza shule ya upili. Waligundua pia kwamba mtu mzima anayepata kazi yenye uhuru zaidi huimarika katika mambo mengine kwa sababu ya ile kazi. Yaani kazi yenyewe ni sehemu ya tiba. Na hawakuwasahau akina mama: walipopima katika mate yao kotisoli, homoni ya msongo, waliikuta chini isivyo kawaida, kwa mpangilio unaofanana na ule wa wanajeshi waliopitia vita. Mama yeyote wa Nairobi angekuambia hayo bila kupimwa mate, ila maneno ya mama hayafiki bungeni. Takwimu hufika, angalau mara moja moja.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana: utafiti wa namna hii huwafunga midomo wauza miujiza. Catherine Lord, mmoja wa waliobuni kipimo cha ADOS ambacho wataalamu wengi duniani hutumia kutambua usonji, alianza miaka ya 1990 kuwafuatilia watoto waliopelekwa kliniki wakiwa na miaka 2. Katika taarifa ya mwaka 2014 kuhusu vijana 85 wa kundi hilo waliofika miaka 19, takriban asilimia 9 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wenye usonji. Ishike vizuri asilimia hiyo. Anayekuuzia mafuta, lishe ya ajabu au sindano ya maelfu ya shilingi akidai kila mtoto atapona, amekudanganya. Anayekuambia hakuna kinachobadilika, mfungie tu ndani, naye amekudanganya. Hesabu hiyo moja inawajibu wote wawili, na isingepatikana kwa utafiti wa miezi sita.

Uvumi kwamba chanjo huleta usonji nao ulizikwa kwa njia hii hii. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, yaliyohusu watoto 12 tu, yalifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Mwaka 2019 Wadenmarki walichapisha uchunguzi wa watoto 657,461 waliofuatiliwa kwa miaka: aliyechanjwa surua, matumbwitumbwi na rubela hakuwa na hatari zaidi ya usonji kuliko asiyechanjwa. Waliweza kwa sababu kila Mdenmarki ana namba moja tangu kuzaliwa, na rekodi zake zote hufuata namba hiyo. Sisi tulipojaribu Huduma Namba, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi yake Oktoba 2021 kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari kwa faragha, kama Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka. Nakubaliana na mahakama. Lakini tukiri kwamba kutoaminiana kati yetu na serikali yetu kuna gharama, na sehemu ya gharama hiyo ni mambo tusiyoweza kuyajua.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani nimeshaamua. Bado.

Wapinzani hawasemi elimu ni mbaya. Wanauliza: kwa pesa za nani, kwa mwili wa nani, na kwa kipimo cha nani? Maswali haya yana historia hapa Nairobi. Jiji hili si geni kwa utafiti wa muda mrefu. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na chuo cha Manitoba cha Kanada wamewafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko Majengo, Pumwani. Walitambua kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukutana navyo miaka nenda miaka rudi, na dunia nzima ikaja kuchukua somo katika damu yao. Walipata kliniki na matibabu, hilo ni kweli. Lakini chanjo iliyotokana na wazo hilo, ikajaribiwa Nairobi na Oxford, haikufaulu, nao wanawake wengi waliozeeka katika utafiti ule wamezeekea katika vyumba vile vile vya mabati. Kisa hiki hakimtii mtafiti hatiani. Kinachoonyesha ni kwamba mtu anaweza kuwa maarufu katika majarida ya kisayansi na bado asijue atakula nini jioni.

Kwa hiyo mzazi anapouliza, "Mtakuja mara ngapi, na mtatuachia nini?" si ubishi. Amezoea vijana wenye tableti na hojaji za kurasa 40, wanaotokea Korogocho wakati wa mradi na kutoweka fedha zikiisha. Utafiti wa usonji humtaka mzazi afunge kibanda nusu siku, apande matatu mbili na mtoto anayeogopa honi, ajibu maswali ambayo amejibu tayari mahali pengine pengi. Nauli anayorudishiwa haifidii mboga zilizonyauka.

Halafu kuna fedha. Kumfuatilia mtoto mmoja kwa miaka 20 kunahitaji ofisi isiyofungwa, wataalamu wasiohama, vipimo vyenye leseni za kigeni. Mpinzani atakuambia: chukua kiasi hicho uajiri wataalamu wa usemi kaunti zote 47, kwa sababu tayari tunajua mengi yanayosaidia. Ana ushahidi. Mwaka 2016 watafiti waliripoti majaribio ya Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, ambako wahudumu wasio mabingwa walifundishwa kuwaelekeza wazazi namna ya kuwasiliana na watoto wao wenye usonji. Watoto walikuwa 65 tu, na mawasiliano kati ya mzazi na mtoto yaliimarika. Hapa Kenya, mradi wa SPARK umejaribu mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, na kule Kilifi kundi la watafiti wa afya la KEMRI na Wellcome limechunguza ukuaji wa ubongo wa watoto kwa miaka mingi, likiwemo suala la chembe za urithi kupitia mradi wa NeuroDev. Kwa nini tungoje mwaka 2045 ndipo tuanze kusaidia?

Hoja hii ningeipa ushindi kama si kisa kimoja kinachoizuia. Mafunzo yale ya Goa na Rawalpindi yalitoholewa kutoka kwa jaribio la Uingereza liitwalo PACT, la watoto 152. Matokeo yake ya kwanza, mwaka 2010, hayakusisimua: mzazi na mtoto waliwasiliana vizuri zaidi, lakini dalili za usonji zenyewe hazikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, na wachunguzi wakasema hivyo bila kuficha. Kisha wakawarudia watoto wale karibu miaka 6 baadaye. Taarifa ya mwaka 2016 ikaonyesha kwamba waliopata mafunzo walikuwa na dalili nyepesi kuliko wenzao. Anayesema "tayari tunajua kinachosaidia" anapaswa kukiri kwamba sehemu ya ujuzi huo ililetwa na watu waliorudi. Wangeishia 2010, pengine jaribio lile lingewekwa kabatini.

Nairobi nayo ina ugumu wake wa kijiografia, ambao mtafiti wa Wisconsin hajawahi kuuota. Watu wetu huhama. Kodi ikipanda Pipeline, familia inaenda Njiru. Baba akipoteza kazi, mama na watoto wanarudi mashambani Kakamega. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba za kando ya mito huko Mathare na Mukuru zilibomolewa, na anwani za watu zikaondoka na mabati. Namba ya simu hudumu miaka miwili mitatu, laini inapotea, inasajiliwa na mwingine. Mtafiti anayeanza na watoto 300 anaweza kumaliza na 90, na wale 90 watakuwa wenye ploti na wifi. Matokeo yatasema watoto wenye usonji wa Nairobi wanaendelea vyema, kumbe waliobaki kitabuni ndio waliokuwa na uwezo wa kubaki. Hata hivyo si jambo lisilowezekana. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, kilianza mapema miaka ya 2000 kuwahesabu wakazi wa Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, mlango kwa mlango: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Ni kazi ya kuchosha, na imefanyika.

Sasa nifike kwenye suala ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kipimo. Mwaka 2004 Patricia Howlin wa London alichapisha utafiti unaotajwa kila mahali. Watu 68 wenye usonji walioonwa kwa mara ya kwanza wakiwa na wastani wa miaka 7, wakaonwa tena wakiwa na wastani wa miaka 29. Wote walikuwa watoto wenye akili ya kutosha kujibu vipimo vya kawaida. Matokeo: asilimia 12 hali "nzuri sana", asilimia 10 "nzuri", asilimia 19 "ya wastani", asilimia 46 "duni" na asilimia 12 "duni sana". Zaidi ya nusu, duni. Ukisoma hivyo unaweza kukata tamaa kabla hujafika ukurasa wa pili.

Lakini alama hizo zilitolewaje? Kwa kuangalia kama mtu ana kazi ya mshahara, ana marafiki wa karibu, na anaishi kwa kujitegemea kiasi gani. Mwana wa jirani yangu ana miaka zaidi ya 20. Hana mshahara. Anaishi na mamake. Marafiki wa kwenda nao mahali hana. Kwa hesabu hiyo ni "duni", labda "duni sana". Ila kila asubuhi yuko kibandani akipanga nyanya kwa ukubwa, safu tatu, na mteja akivuruga safu anairudisha. Anajua bei. Chenji hakosei. Mamake alipolazwa wiki moja, shangazi akaja kukaa naye, na kibanda hakikufungwa. Na hebu tuulizane: ni vijana wangapi wa Umoja, wasio na usonji wowote, wenye miaka 24, wanaoishi peke yao na wenye kazi ya mshahara? Ukitumia rula ya London kupima Eastlands, nusu ya mtaa itatoka "duni", na hutajua kilicho cha usonji na kilicho cha uchumi.

Hapo wapinzani wananishawishi kwa asilimia mia. Utafiti utakaoiga hojaji za ng'ambo na kuzitafsiri tu utatuletea namba zenye sura ya elimu na tumbo la ujinga. Lakini tazama linakoelekea hilo. Hoja hiyo inadai tuutengeneze wetu, wenye maswali yetu: Nani atamlea mama akifa? Je, anajulikana mtaani kiasi kwamba akipotea atarudishwa? Polisi wakimkamata usiku kwa kuwa hajibu maswali, kuna wa kumtetea? Ana kitambulisho? Ana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu? Anaruhusiwa kushika pesa zake? Maswali haya hayako katika hojaji yoyote niliyowahi kuonyeshwa, na kila mzazi niliyezungumza naye huanza na lile la kwanza.

Watu wazima wenye usonji nao wana lao, na tusijifanye hatukuwasikia. Agosti 2021 Chuo Kikuu cha Cambridge kilizindua mradi wa Spectrum 10K, ukitaka sampuli za DNA za watu 10,000 wenye usonji nchini Uingereza. Kabla ya mwezi mmoja kwisha, ulikuwa umesimamishwa. Waliolalamika walikuwa wenye usonji wenyewe, wakiuliza data hizo zitatumiwa na nani na kwa lengo gani: kuwasaidia waishi, au kuhakikisha wengine kama wao hawazaliwi? Mtoto wa miaka 2 hasaini chochote. Mzazi humsainia. Anapofika miaka 18 inafaa aulizwe upya, kwa lugha anayoielewa, kwa picha kama hasemi, na akikataa basi rekodi zake ziondolewe. Huo ni mzigo kwa mtafiti, na ni sawa uwe mzigo.

Basi nasimama wapi? Nasimama na wanaotaka ufuatiliaji, ila nadhani wameanzia mwisho usiofaa. Mapendekezo mengi huanza na mtoto wa miaka 2 na kuahidi jibu baada ya miaka 20. Mimi nasema miaka 20 tunayo tayari. Chama cha Autism Society of Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na City Primary ya Ngara ikawa miongoni mwa shule za umma za kwanza kuwa na kitengo cha watoto wenye usonji. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iko Kasarani tangu miaka ya 1980. Mahali pote hapo watoto waliandikishwa. Aliyeingia na miaka 6 mwaka 2003 sasa anakaribia 30. Rejista ziko makabatini, nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zina jina la mama na namba ya simu isiyopatikana. Kila muhula unaopita, mwalimu aliyekumbuka nyuso zile anastaafu.

Kuwatafuta hao kunagharimu kipande kidogo cha gharama ya kuanza upya. Ndivyo Kanner alivyofanya mwaka 1971. Hakungoja na saa mkononi, aligeuka nyuma akatafuta. Na matokeo yangekuja mwaka mmoja au miwili, wakati wizara bado inamkumbuka aliyeomba kibali.

Nakiri dosari za njia hii, na si ndogo. Rejista zitatupa waliofika shuleni tu. Mtoto aliyefungiwa chumbani Dandora hayumo. Wasichana watakuwa wachache, kwa kuwa usonji wao hutambuliwa kwa kuchelewa au hautambuliwi. Maana ya neno lenyewe imebadilika: mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa Marekani uliunganisha aina iliyoitwa Asperger na nyingine kuwa jina moja pana, hivyo aliyeambiwa ana usonji mwaka 2003 huenda si sawa na anayeambiwa hivyo leo. Na wengine tutawakuta makaburini. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2016 uliohusu zaidi ya watu 27,000 wenye usonji ulionyesha kwamba waliofariki kati yao walikuwa na wastani wa miaka 54, huku waliofariki kati ya wasio na usonji wakiwa na wastani wa 70. Kama Uswidi ni hivyo, mtafiti wa Nairobi ajiandae kubisha milango ambayo itafunguliwa kwa kilio. Ajue la kusema, na awe na namba ya mshauri wa kumpa mama huyo.

Lakini hata orodha yenye mashimo itatupa kitu ambacho sensa haikutupa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, kwa kuuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ilihesabu pia watu wenye ualbino, 9,729, kwa jina lao. Usonji haukuwa na swali lake. Wenye ualbino hawakupewa swali lile kama zawadi: walilipigania miaka mingi, na leo wakiingia katika ofisi ya bajeti wana hesabu mkononi.

Sharti langu ni moja, na nalijua litawakera watafiti. Asiruhusiwe mtu kuhesabu bila kuacha huduma. Ukimkuta kijana wa miaka 26 mwenye kifafa kisichotibiwa, usimwandike ukaondoka. Kwanza apelekwe kliniki, kisha ndiyo uandike kwamba alikuwa hajatibiwa. Watanijibu kwamba ukimsaidia unabadilisha matokeo ya utafiti. Sawa, yabadilike.

Wiki iliyopita nilimwambia jirani yangu kwamba naandika juu ya faili lake, nikamwuliza kama mtafiti akija kweli atamkaribisha. Alikuwa anafunga mafungu ya sukuma wiki, hakuinua kichwa. Aje, alisema, lakini aanze kwa kumsalimu kijana mwenyewe, asinisalimu mimi kwanza kama wale wengine. Akafikiri kidogo. Na asije Jumanne wala Ijumaa. Siku hizo wanatoka saa kumi alfajiri, wote wawili, kwenda soko la Marikiti.